Mwamwambia nani?

Muuza kahawa alikuwa amekaa kivulini Nkrumah Road, hapa Mombasa, dele lake juu ya makaa, akitutazama tukipita kama mtu atazamavyo harusi asiyoalikwa. Hakununa wala hakutabasamu.

Mimi nilikuwa mkiani mwa msafara. Bango langu lilikuwa ubavu wa boksi la mafuta ya kupikia, na kwa vile nilikuwa nimelinyanyua tangu sokoni Marikiti, mkono ulikuwa umeshaingia ganzi. Nilipomkaribia akagonganisha vikombe vyake, akalisoma bango kwa sauti, neno kwa neno, kama mtu anayesomewa barua na mwanawe na sasa anataka kuhakikisha.

"Komesheni vita Sudan."

Kisha akaniuliza: "Na haya mwamwambia nani, mwanangu?"

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa njiani. Nikajibu lililonijia mdomoni.

"Ulimwengu, Mzee."

Akaiangalia barabara, upande huu na upande ule. Palikuwa na tuktuk mbili, kijana wa bodaboda aliyelala juu ya tangi la pikipiki yake, na bibi mmoja aliyekuwa akivuka na kikapu cha mboga.

"Haya," akasema. "Ukipita hapa nitauambia mlikuwako."

Imepita wiki ya saba sasa, na bado sijaweza kulala vizuri na swali lile.

Jino

Niungame kwanza. Siku ile ofisini niliaga kwamba nakwenda kung'oa jino.

Nafanya kazi kwa wakala wa forodha. Kazi yangu ni makaratasi: hati za shehena, namba za makontena, jina la anayetuma na jina la anayepokea. Si kazi ya kujivunia sana wala ya kuonea haya. Nilijua nikimwambia bosi nakwenda kuandamana angeniuliza maswali kumi, na la kumi lingekuwa kama nimeichoka kazi. Kesho yake wenzangu waliniuliza habari za jino, nikashika shavu na kukunja uso. Mmoja akaniletea karafuu.

Mamangu naye hakujua. Tangu Juni 2024, vijana walipouawa wakiandamana kupinga mswada wa fedha, neno "maandamano" halitamkwi nyumbani kwetu bila mtu kuinuka kwenda kufunga mlango. Hata ningemwambia kwamba haya ni ya amani, ni ya Sudan, tumepeleka barua kituoni na barua imepigwa muhuri, angesema wale vijana nao walikuwa na bendera na chupa za maji tu.

Barua kweli tulipeleka. Ibara ya 37 ya Katiba yatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na sheria yataka taarifa ifike kituoni siku 3 kabla, isizidi 14. Waandalizi wetu, vijana wanne ambao mkubwa wao hajafika miaka thelathini, walikwenda siku 5 kabla. Afisa aliyekuwa mezani aliisoma barua, akairudia, akauliza, "Sudan? Sudan hii iko kaunti gani?" Kisha akacheka mwenyewe, akagonga muhuri.

Swali lake na la muuza kahawa ni ndugu. Lakini la afisa tulilicheka tukalisahau.

Sitini na mbili, au hamsini na tisa

Nilituhesabu mara mbili pale mbele ya Marikiti. Mara ya kwanza sitini na wawili, mara ya pili hamsini na tisa. Sijui kama kuna waliokwenda kununua mabuyu ama nilikosea tu.

Yalikuwa majuma machache baada ya El Fasher kuanguka. Mji ule wa Darfur, magharibi mwa Sudan, ulizingirwa kwa zaidi ya siku 500, watu wakafikia kula mashudu ya njugu, chakula cha mifugo, na tarehe 26 Oktoba 2025 wapiganaji wa RSF, kundi la mgambo linalopigana na jeshi la serikali, wakaingia. Yaliyofuata tuliyaona kwenye simu, kwa sababu waliokuwa wakiua ndio waliokuwa wakijirekodi. Nilitazama video moja mpaka nusu. Hiyo nusu ndiyo iliyonitoa ofisini.

Mabango yalikuwa ya kila aina. Mwalimu mmoja mstaafu aliandika lake kwa hati nzuri mno, unasikitika kulikunja. Mama mmoja wa Majengo hakuwa na bango. Alikuja na leso, akaitanua kwa mikono miwili kifuani, jina lake likasomeka kutoka ng'ambo ya barabara: Wapiganapo fahali wawili, nyasi huumia.

Wapiga picha wote walimkimbilia yeye. Haki yao. Fahali wawili, majenerali wawili, Burhan wa jeshi na Hemedti wa RSF, walioipindua serikali pamoja Oktoba 2021 na kuja kugeukiana tarehe 15 Aprili 2023, tukiwa kumi la mwisho la Ramadhani. Methali imekaa sawasawa.

Imekaa sawasawa mno, na hapo ndipo ilipoanza kunikera. Methali ile haimuulizi mtu swali hata moja. Fahali wamezuka tu, nyasi zimeota tu, na sisi tulio nje ya ua tunasikitika. Nani aliyewalisha fahali hao mpaka wakanenepa? Nani aliyefungua lango?

Lakini hayo niliyafikiria baadaye. Wakati ule nilipiga picha kama wengine.

Silmiya

Tulianza kushuka Digo Road tukiwa kimya. Kijana wa kipaza sauti alijaribu mzaha, akasema mji wetu wenyewe huitwa Mvita, kwa hivyo sisi ndio tuna haki ya kwanza kuvichoka vita. Watu watatu walicheka. Halafu msichana mmoja wa Kisudani, anayesoma chuo hapa Mombasa, akakichukua kile kipaza sauti kwa upole akasema neno moja.

"Silmiya."

Akalirudia. Silmiya, silmiya. Kwa amani, kwa amani. Mwarabu angelieleza kwa kirefu, lakini sisi hatukuhitaji mkalimani. Masikio yetu yalisikia salama, yakasikia salimia, yakasikia neno lililokaa kwenye ndimi zetu tangu utotoni. Barabara nzima ikaitikia. Mpaka makanga wa matatu, mlangoni, aliitikia.

Nilikwenda naye bega kwa bega kitambo. Aliniambia alikuwa na miaka kumi na minne wao walipoanza, Desemba 2018, kwa sababu ya bei ya mkate. Neno lao lilikuwa hilo hilo. Waliliimba mpaka Rais Bashir akaondoka, tarehe 11 Aprili 2019, baada ya kutawala miaka thelathini. Waliliimba wakiwa wamekaa chini mbele ya makao makuu ya jeshi, kwa majuma, wakipika pamoja na kupeana zamu za kulala. Tarehe 3 Juni mwaka ule askari wakawaingilia alfajiri. Waliouawa walizidi mia.

"Na bado mkaendelea kusema silmiya?" nilimuuliza.

"Tungesema nini?"

Hakusema kwa kujigamba. Alisema kama mtu anayeulizwa mbona hula kwa mkono wa kulia.

Na hapo shaka yangu ya kwanza ikaingia, katikati ya barabara, jua la saa nane likiwa utosini. Hakuna watu katika pande zetu hizi walioandamana kwa nidhamu kuliko Wasudani. Hakuna. Walimng'oa dikteta bila bunduki. Walichopata ni mauaji, kisha mapinduzi, kisha vita. Sasa mimi na boksi langu la mafuta ya kupikia tunadai nini ambacho wao hawakukidai vizuri zaidi?

Sikumuuliza hilo. Mtu anayeimba humkatizi.

Njia panda

Wenyeji mnaijua ile njia panda Digo Road inapoishia. Ukikata kushoto ni Nkrumah Road, unakwenda Treasury Square mpaka Ngome ya Yesu. Ukienda moja kwa moja ni Nyerere Avenue, kuelekea feri. Ukikata kulia ni Moi Avenue, kwenye pembe za ndovu, na ukizidi kwenda utafika bandarini Kilindini.

Sisi tulikata kushoto.

Ndivyo ilivyoandikwa kwenye barua. Ndivyo ambavyo ungetarajia: ngome ina kivuli, ina uwanja, ina watalii, na picha hutoka vizuri. Tukafika, tukasoma risala, tukaomba dua, padri mmoja naye akaomba, tukasimama kimya kwa dakika moja mbele ya ukuta ulioanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kuzingirwa na Waomani kuanzia 1696 kwa karibu miaka mitatu. Kwa watu wanaoomboleza mji uliozingirwa, mahali palifaa.

Kisha kila mtu akatafuta matatu ya kurudi kwake.

Usiku nilipokuwa nikijifuta vumbi miguuni ndipo swali la mzee liliponirudia. Mwamwambia nani. Ngome ya Yesu haina mtu. Waliozingira na waliozingirwa wamekufa zamani. Ubalozi wa Sudan uko Nairobi. Kwenye risala yetu tuliitaja "jumuiya ya kimataifa" mara sita. Nilizihesabu baadaye, na hiyo jumuiya sijawahi kuiona ikishuka feri.

Nikaanza kuitembea tena njia panda ile kichwani, usiku baada ya usiku.

Tungekwenda moja kwa moja je? Hapo Nyerere Avenue ndipo lilipo jengo la wafanyabiashara wa chai. Chai ya Kenya, ya Uganda, ya Rwanda, kwa wingi huja kunadiwa Mombasa, na Sudan ni mnywaji wetu wa miaka mingi. Februari 2025 RSF na washirika wao walikutana Nairobi, katika jumba letu la mikutano, kutia saini mkataba wa kuunda serikali yao ya kando. Serikali yetu ikasema inatoa jukwaa la amani. Mwezi uliofuata serikali ya upande wa pili, ya Burhan, iliyokuwa imehamia Port Sudan, ikapiga marufuku bidhaa za Kenya. Chai ikakwama. Mimi najua ilivyokwama kwa sababu makaratasi yake yalikuwa mezani kwangu, na kwa majuma mazima ofisini kwetu vita vya Sudan vilizungumzwa kwa uchungu mkubwa sana.

Uchungu wa storeji. Uchungu wa dimareji, ile ada ya shehena kukawia. Sikumsikia mtu hata mmoja akitaja watu, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Herufi nne

Na tungekata kulia?

Kuna jambo tuliokuwa wadogo mwaka 2009 tunalikumbuka kama sinema. Septemba 2008 maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya Kiukraine iitwayo Faina, ikiwa njiani kuja kwetu. Ndani yake mlikuwa na vifaru 33 aina ya T-72, pamoja na silaha nyingine. Ulimwengu mzima ukajaa habari za maharamia. Ikaachiliwa Februari, fidia ikatajwa kuwa dola milioni 3.2, na tarehe 12 Februari 2009 ikafunga gati Kilindini.

Ami yangu alikuwa akifanya kazi bandarini miaka hiyo. Jioni ile alipofika nyumbani watoto wote tulimzingira. Nilikuwa darasa la saba. Tulitaka kujua vifaru vikoje, vina mdomo mrefu kiasi gani, vyatisha? Akatwambia ni vizito, ni vibaya kwa sura, na sasa tumwache ale. Tukafurahi. Shuleni nilijigamba wiki nzima kwamba Ami ameviona.

Vifaru vilikuwa vya nani? Serikali ilisema ni vyetu, vya jeshi letu. Lakini kwenye karatasi za shehena, kwenye namba za mkataba, palikuwa na herufi nne: GOSS. Waandishi wa habari wakasema huo ni ufupisho wa Kiingereza wa Serikali ya Sudan Kusini. Serikali yetu ikasema la hasha, ni ufupisho wa mambo ya ghala la silaha la jeshi. Niliposoma hayo nikiwa mtu mzima, na kazi yangu ikiwa ndiyo hii ya kujaza herufi kwenye visanduku, nilicheka peke yangu mpaka mtu akanigeukia. Mwaka 2010 nyaraka za kibalozi za Marekani zikavuja, zikaonyesha kwamba wao walijua muda wote safari ile ilikuwa ya kwenda Juba, Sudan Kusini.

Nchi ile ikapata uhuru Julai 2011. Desemba 2013 ikaingia vita na nafsi yake. Waliokimbia wakajaza Kakuma.

Juzi nilimwendea Ami. Amestaafu, hutoka baada ya Alasiri kukaa barazani na wenzake. Nilimuuliza kama siku ile kuna aliyekataa kufanya kazi.

"Kukataa vipi?"

"Kukataa. Kusema hiki sikishushi."

Alinitazama kwa muda. "Sisi twashusha meli, mwanangu. Hatufungui masanduku."

Baadaye kidogo, mazungumzo yakiwa yameshahamia kwenye bei ya unga, akaniambia bila kunitazama: "Hakuna aliyetuuliza."

Durban

Hili ndilo linaloniuma, maana lilikuwa mwaka ule ule.

Aprili 2008, miezi mitano kabla ya Faina kutekwa, meli ya Kichina An Yue Jiang ilifika nje ya bandari ya Durban ikiwa na silaha za kwenda Zimbabwe, wakati ambapo matokeo ya uchaguzi wa huko yalikuwa yamezuiliwa na watu wanapigwa. Wafanyakazi wa bandari wa Durban, kupitia chama chao, walisema hawaishushi. Madereva wao hawataibeba. Mahakama nayo ikaamua shehena isipite nchini. Meli ikang'oa nanga, ikaondoka.

Hawakwenda kusimama mbele ya ngome. Walisema na mtu aliyekuwa akiwasikiliza kwa lazima, kwa sababu bila mikono yao kreni haisogei.

Sisemi Zimbabwe ilipona. Sisemi pia kwamba Ami na wenzake ni waoga; wana wa kulisha, na hapa kwetu mtu wa bandarini aliyesema "sishushi" angetafutiwa wa kushika nafasi yake kabla hajamaliza neno. Mimi mwenyewe nilishindwa kumwambia bosi kwamba nakwenda kutembea barabarani kwa muda wa saa mbili. Nimeandika aya hii mara nne nikijaribu kutafuta namna ya kujiweka upande wa Durban. Sikuipata.

Bangili

Kuna usiku nilitoa bangili za mamangu kabatini. Sita, za Dubai, alizoletewa na shangazi mwaka nilipozaliwa, na ambazo amesema zitakuwa zangu siku yangu ikifika. Kwetu bibi harusi haingii ukumbini na mikono mitupu.

Dhahabu ya Sudan kwa wingi huuzwa Imarati. Imarati hutuhumiwa kuwapa RSF silaha, nao hukana. Migodi kadhaa ya Darfur iko mikononi mwa RSF.

Bangili za mamangu ni za kabla ya haya yote. Nilijiambia hivyo mara mbili, nikazirudisha kitambaani. Lakini dada wa jirani yetu anaolewa baada ya Idi na tayari mtu ameagizwa Dubai, na mimi ndiye niliyeombwa kuchagua mtindo kwenye simu. Nilichagua. Ni nzuri.

Jibu

Nilirudi kwa muuza kahawa wiki jana. Nilikuwa na jibu, nimelipanga, lina mwanzo na mwisho. Ningemwambia: Mzee, tulielekea siko. Tulikuwa tukimwambia mtu aliye mbali mambo yanayopita hapa nyuma yetu, kwenye mnada, kwenye gati, kwenye ukumbi wa mikutano Nairobi, na wanaopaswa kuambiwa wana ofisi, wana milango, wengine twawaamkia kila asubuhi.

Nikaketi. Akanimiminia. Nikachukua kashata.

"Wanikumbuka, Mzee? Siku ya maandamano. Ulinisomea bango."

Akanitazama vizuri, akijitahidi kwa adabu.

"Hapa hupita wengi, mwanangu."

Nikanywa kahawa yangu, chungu kama ilivyo, nikalipa, nikaenda kazini. Waandalizi wetu wananiambia wanapanga maandamano mengine. Kwenye grupu la wasapu niliuliza kama njia yaweza kubadilishwa, na mmoja akaniuliza niwape njia ninayoitaka. Nilianza kuiandika, halafu nikaona jina langu juu ya ujumbe, na namba yangu, na watu mia moja na arobaini ndani ya grupu, na bosi wangu ana binamu wengi. Nikafuta. Nikaandika tena. Safari ya pili nikautuma.

Hakuna aliyejibu bado, ila yule msichana wa silmiya aliyeweka alama ya moyo.

Jumanne iliyopita mezani kwangu ilikuja hati ya makontena mawili. Vipuri vya mashine, yasema hati. Nimeshajaza hati kama hizo mia kadhaa, na mkono huenda wenyewe: anayetuma, namba ya mkataba, bandari ya kupakia, mpokeaji. Mkono ukasita. Nikalisoma jina la mpokeaji. Nikalisoma tena, herufi kwa herufi, nikafungua ukurasa wa pili ambao hakuna anayeufunguaga, nikaanza kusoma kutoka juu.

Bosi akapita, akasimama nyuma ya kiti changu, akauliza mbona leo nimekawia hivi.

"Jino," nikamwambia.